Mishipa imetuna chini ya ngozi: chanzo kitafutwe wapi?

Mshipa uliotuna chini ya ngozi mara chache huwa ndio ugonjwa wenyewe. Ile mishipa ya kijani au ya bluu tunayoiona mikononi na miguuni ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Kuta zake ni laini na shinikizo la damu ndani yake ni dogo. Ikionekana kuliko kawaida, basi ama ngozi na mafuta yaliyoifunika yamepungua, ama damu inayopita humo imeongezeka, ama kuna kitu mbele yake, kati ya hapo na moyo, kinachoizuia damu isipite.

Sababu hii ya mwisho ndiyo ya kusakwa, na wengi huikosa kwa kuwa wanaitafuta pale pale mshipa ulipo. Aliyekwama kwenye foleni hajui kilichotokea kwa kulitazama gari lililo mbele yake. Ajali huenda iko kilomita mbili huko mbele. Mishipa ikituna mguuni, kizuizi chaweza kuwa nyongani. Ikituna tumboni, mara nyingi tatizo liko kwenye ini. Ikituna shingoni, tazama moyo na kifua. Kwa hiyo katika kila sehemu hapa chini swali ni lile lile: damu hii inapita wapi kwenda moyoni, na imekwama wapi?

Kabla ya yote, jichunguze

Gusa kwanza. Mshipa unaodunda chini ya kidole kwa kufuata mapigo ya moyo ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, si vena. Uvimbe unaodunda tumboni, kinenani au nyuma ya goti ni suala jingine kabisa, na mahali pake ni hospitali, tena bila kuukanda wala kuuminya.

Kisha inua. Kiungo kikipandishwa juu ya usawa wa moyo, vena iliyo nzima hunywea ndani ya sekunde chache. Mkono unainuliwa tu; kwa mguu, lala chali na uegemeze kisigino ukutani. Vena inayobaki imejaa hata baada ya dakika moja ama ina damu iliyoganda ndani yake, ama mbele yake kuna kizuizi.

Linganisha pande mbili. Kinachotokea pande zote, taratibu, kwa miaka, kwa kawaida ni umbile la ukoo, umri au uzito. Kinachotokea upande mmoja ndani ya siku chache ni cha kushughulikiwa leo.

Jaribio la mwisho ni la zamani sana. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alilitumia kuonyesha kwamba damu ya vena huenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Weka vidole viwili vikiwa vimegusana juu ya vena, bonyeza, kisha telezesha kimoja kando ili kipande cha katikati kibaki kitupu. Achia kidole kimoja. Kipande kikijaa papo hapo, damu inatoka upande huo. Kikibaki kitupu, inatoka upande wa pili. Ni jaribio la sekunde kumi, na kwa mishipa ya tumboni lina thamani kubwa kama tutakavyoona.

Inaonekana, lakini haiumi na hakuna uvimbe

Wengi wanaouliza kuhusu mishipa wamo katika kundi hili, na wengi wao ni wazima. Joto hutanua vena ili mwili upoe; mkono ule ule utaonyesha mishipa mingi Dar es Salaam mwezi Februari na michache Makete mwezi Julai. Anayebeba mizigo, anayelima au anayenyanyua vyuma hujenga misuli inayozisukuma vena juu, karibu na ngozi. Uzee hula mafuta ya mgongo wa kiganja. Mjamzito huona mistari ya kijani matitini tangu wiki za mwanzo, kwa sababu damu mwilini huongezeka, na kufikia miezi ya mwisho huwa imezidi kwa karibu nusu ya kiwango chake cha awali. Haya yote hayahitaji dawa.

Mambo mawili humu ndani yanahitaji maswali zaidi.

La kwanza ni kukonda. Mishipa ikianza kujitokeza mikononi, miguuni na usoni bila mtu kubadili chakula wala kazi, apande mzani. Kama kilo zimepungua, mshipa ndio umekuwa wa kwanza kusema. Kinachotafutwa ni kifua kikuu, kisukari, VVU, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au saratani. Waliotumia ARV miaka ya 2000 wanaikumbuka sura nyingine ya jambo hili. Stavudini, iliyokuwemo katika vidonge vya wakati ule, iliyeyusha mafuta ya mashavu, makalio na miguu, mishipa ikabaki imesimama juu ya ngozi. Mtu alikuwa amepona na kurudi kazini, lakini miguu yake ikamsema mtaani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na dawa hiyo, na mchanganyiko wa sasa wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hauna tabia hiyo. Mwenye mishipa ya aina hii tangu enzi zile hana ugonjwa mpya. Mafuta yaliyopotea hurudi polepole, na mara nyingi hayarudi yote.

La pili ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, pengine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hupunguza unene wa ngozi. Mtumiaji anaanza kuona vena kifuani, mapajani na kwenye mikono, kisha michirizi mipana, kisha ngozi inachubuka kwa kugongwa kidogo tu na kidonda kinachelewa kufunga. Wapasuaji wanaijua ngozi hii: uzi wa kushonea huichana. Hapa mshipa haukutuna hata kidogo, ni pazia lililochakaa. Na aliyejipaka mwili mzima kwa miaka asiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, kwa kuwa mwili wake huenda umeacha kujitengenezea steroidi zake wenyewe, na kuachia mara moja kunaweza kumwangusha.

Miguu ina mishipa iliyojipinda na kutokeza

Hii ni varikosi. Damu ya mguuni hupanda kwa kukamuliwa: kila unapopiga hatua, misuli ya kigimbi huiminya kwenda juu, na valvu ndogo zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi. Valvu moja ikilegea, damu hurudi chini, vena hutanuka, na valvu inayofuata nayo hushindwa kufunga. Urithi una mchango mkubwa. Juu yake ongeza mimba kadhaa, uzito, na kazi za kusimama: mwalimu, muuguzi, mama lishe, kinyozi, askari wa barabarani.

Malalamiko ya varikosi yana saa zake. Asubuhi mguu ni mwepesi, jioni ni mzito na viatu vinabana. Kifundo kinawasha. Usiku msuli unakaza. Kuinua mguu kunaleta nafuu. Malalamiko yakifuata mpangilio mwingine, usiilaumu varikosi hata kama unaiona kwa macho. Maumivu ya kigimbi yanayokushika kila ukitembea umbali fulani na kuachia ukisimama ni ya ateri iliyoziba. Nyayo zinazowaka moto na kufa ganzi usiku ni za neva, na mtu huyo apimwe sukari. Watu hufanyiwa upasuaji wa mishipa halafu maumivu yakabaki pale pale, kwa sababu mishipa ilikuwepo lakini haikuwa ndiyo inayouma.

Sehemu ya kutazama kwa makini ni upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hapo ndipo shinikizo hukaa zaidi. Ngozi huanza kuwasha, inakuwa nyeusi au ya kahawia, inakakamaa, na siku moja mkwaruzo mdogo unageuka kidonda kisichofunga. Nimekuta watu wenye donda ndugu la namna hii ambao wameshapitia kila kitu: unga wa vidonge vya antibiotiki, asali, majani, sindano. Kidonda hakiponi kwa sababu shinikizo ndani ya vena zilizo chini yake liko pale pale. Kinachokiponya ni kufunga bandeji ya kubana, kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti, miezi kadhaa bila kuchoka, pamoja na kuinua miguu juu ya usawa wa moyo kwa nusu saa mara tatu au nne kwa siku. Kabla ya kufunga, mtaalamu apapase mapigo ya ateri kwenye mgongo wa unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kama hayapo, kubana mguu huo kunaweza kuuozesha. Wavutaji sigara na wenye kisukari ndio wa kuangaliwa zaidi hapa.

Ambaye hajafikia kidonda atumie soksi maalumu za kubana. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa damu. Ukizivaa saa sita mchana unaifungia damu iliyokwisha kujaa. Zinazofika chini ya goti zinatosha kwa walio wengi. Hazitoi varikosi, zinazuia tu isiendelee kuharibu. Kuiondoa kunahitaji hospitali kubwa: kuchoma vena kwa ndani kwa leza au mawimbi ya redio, kuchoma sindano ya povu, au upasuaji. Wagonjwa huuliza damu itapita wapi mshipa ukiondolewa. Itapita kwenye vena za ndani kabisa ya misuli, ambazo hata sasa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Ila lazima zipimwe kwanza kuhakikisha ziko wazi.

Varikosi ikipasuka, damu hutoka nyingi na kumtisha kila aliye karibu. Mlaze mgonjwa chini, inua mguu wake juu, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Itaacha. Wanaofikia kuzimia au kufa ni wale waliokalishwa kwenye kiti huku wakitafutiwa gari, au waliofungwa kamba pajani, maana kamba hiyo huzuia vena tu na kuacha ateri ikiendelea kujaza mguu. Kwa sababu hiyo hiyo, chale na chuku visipigwe juu ya mishipa hii. Anayefanya hijama kwa ujuzi ataikwepa mwenyewe.

Varikosi za ujauzito, pamoja na zile za sehemu za siri ambazo wanawake huona haya kuzitaja, kwa kawaida hupungua ndani ya miezi michache baada ya kujifungua. Subiri kabla ya kufikiria upasuaji. Kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia.

Mguu mmoja umevimba ghafla na mishipa yake imejaa

Hapa usisubiri kesho. Damu huenda imeganda kwenye vena ya ndani, nayo ya juu imejaa kwa sababu inabeba mzigo wa njia iliyozibwa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kigimbi cha kila mguu sentimita 10 chini ya mfupa unaochomoza mbele ya goti. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3, pamoja na joto, maumivu na uvimbe unaobonyea, inatosha kukupeleka hospitali usiku huo huo. Tofauti ndogo haimwachi mtu huru kama dalili nyingine zipo.

Hatari ya kweli iko njiani. Kipande cha damu hiyo kikimeguka, kinapanda hadi kwenye mapafu. Kushindwa kupumua ghafla, kichomi ukivuta pumzi, kukohoa damu, kuzimia: mgonjwa mwenye dalili hizo na mguu uliovimba abebwe, asitembezwe.

Nani wa kumshuku? Aliyefanyiwa upasuaji majuzi, aliyevunjika mguu na kufungwa hogo, aliyekaa kitini safari ndefu, mwenye saratani, mwenye VVU au kifua kikuu, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Lakini anayesahaulika kuliko wote ni mzazi. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, na hizo ndizo arobaini yetu. Mama amelala ndani, anahudumiwa, hatembei, na kila asubuhi anakandwa kwa maji ya moto. Mapumziko ni haki yake na sina ugomvi na bibi anayemkanda mgongo. Ugomvi wangu ni na mkono unaochua mguu mmoja uliovimba na kuuma. Mguu huo usikandwe, usichuliwe, usipakwe dawa ya kuchoma. Upelekwe hospitali, na mara nyingi utakuta ni wa kushoto, kwa sababu vena ya upande huo hupita chini ya ateri nyongani na hubanwa kirahisi zaidi wakati wa ujauzito. Na kwa mzazi mzima, kutembea ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku hakuvunji arobaini.

Matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda, angalau miezi mitatu: heparini kwa sindano, kisha warfarini au rivaroksabani. Mjamzito hubaki kwenye heparini.

Kuna mguu mmoja mwingine unaodanganya. Unavimba taratibu, wiki kwa wiki, na vena zinajitokeza kinenani na chini ya tumbo. Hapa tazama nyonga: uvimbe mkubwa wa kizazi, tezi zilizovimba, au saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa na kubana njia. Mwanamke mwenye mguu wa namna hii achunguzwe ndani, hata kama alichokuja kulalamikia ni mguu. Matende nayo huvimbisha mguu, hasa kwa watu wa Pwani, Tanga, Lindi na Mtwara, lakini ngozi yake huwa nene na yenye mikunjo, na vena hazionekani kwa sababu zimefunikwa.

Mshipa mmoja umekuwa mgumu, mwekundu na unauma

Vena ya juu imeingiwa na uvimbe wa joto pamoja na damu iliyoganda. Mkononi, mara nyingi ni kumbukumbu ya dripu. Hupona kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu kama ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ujauzito. Ukipata homa na usaha, ni maambukizi na unahitaji antibiotiki. Mguuni, angalia ugumu unapanda kuelekea wapi. Ukifika pajani karibu na kinena, uchukuliwe kwa uzito ule ule wa damu iliyoganda ndani.

Mkono wote ukivimba na kuwa wa bluu, vena zikajaa hadi begani, hasa kwa kijana anayefanya kazi au mazoezi ya kuinua mikono, kizuizi kiko chini ya mtulinga. Hospitali siku hiyo hiyo.

Shingo na kifua

Anayeimba kwa nguvu, anayekohoa au anayelia hutoa mishipa ya shingo. Aliyelala chali pia. Swali ni moja: ukiketi wima, umetulia, unapumua kawaida, bado inaonekana juu ya mtulinga? Kama ndiyo, shinikizo ndani ya moyo upande wa kulia limepanda. Usichanganye na ateri ya shingo, inayodunda na kukisukuma kidole. Vena haikisukumi, na ukiibonyeza kidogo tu inapotea.

Kizuizi cha hapa kwa kawaida ni moyo wenyewe. Moyo uliochoka huambatana na miguu kuvimba, kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, na kuhitaji mito miwili au mitatu ili kulala. Kwa wenye umri mkubwa chanzo ni shinikizo la damu ambalo halikutibiwa. Kwa vijana wetu chanzo kikubwa ni valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni. Kwa mwanamke ambaye amejifungua miezi michache iliyopita, misuli ya moyo huenda imelegea kutokana na uzazi. Kifua kikuu nacho huweza kushika mfuko unaouzunguka moyo, ukajaa maji au ukawa gamba gumu. Shingo hutuna sana, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huzungushwa akitibiwa ini. Kuna pia ugonjwa wa kovu ndani ya moyo ulioelezwa kwa mara ya kwanza Uganda miaka ya 1940, ambao humpa kijana tumbo kubwa na shingo iliyojaa huku miguu yake ikiwa na uvimbe mdogo tu. Echo, yaani altrasaundi ya moyo, ndiyo inayotenganisha yote haya. Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili ndiyo hospitali ya taifa ya kazi hii.

Tofauti na hayo ni shingo iliyotuna pamoja na uso uliovimba asubuhi, kope nzito, mikono iliyojaa na vena mpya juu ya kifua. Ukiinama, kichwa kinataka kupasuka. Vena kuu ya juu imebanwa ndani ya kifua. Wanaoibana ni saratani ya mapafu, limfoma (saratani ya tezi), na mara nyingine tezi za kifua kikuu. Rovu kubwa lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua hufanya vivyo hivyo: mgonjwa akiinua mikono yote miwili juu kwa dakika moja, uso unaiva na mishipa ya shingo inasimama. Hii ni dharura, hasa sauti ikiwa imekauka au pumzi inakoroma.

Titi moja likionyesha vena nyingi kuliko jenzake, kwa mwanamke asiyenyonyesha, lipapaswe na mtaalamu hata kama hana maumivu. Saratani ya titi hailazimiki kuuma.

Tumbo

Vena zinazoonekana tumboni kwa mtu mwembamba zisikutishe. Zinazotisha ni zile zilizotuna kuzunguka kitovu na kusambaa, juu ya tumbo lililojaa maji. Damu yote ya utumbo lazima ipite kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Ini likipata makovu, damu hutafuta vichochoro, na kimojawapo hupita kitovuni.

Nani kalitia ini makovu? Homa ya ini aina ya B au C, pombe, na katika kanda ya Ziwa Viktoria kuna mwingine asiyekumbukwa upesi: kichocho cha tumbo. Wavuvi wa Ukerewe, wakulima wa mpunga, watoto wanaooga ziwani Mwanza, Homa Bay au Jinja hubeba minyoo yake kwa miaka. Mayai yake hunasa kwenye vijishipa vya ini na kuacha makovu. Bandama huwa kubwa hadi kufika kitovuni, lakini macho si ya manjano na vipimo vya utendaji wa ini huweza kuwa vizuri kabisa. Hapo ndipo mgonjwa anaambiwa ini lake halina tatizo. Wenyeji wa pwani na Zanzibar wasijichanganye: kichocho chao ni cha mkojo, kinatoa damu kwenye mkojo na hakiendi kwenye ini namna hii.

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo. Makovu yaliyokwisha kukomaa yaweza kubaki. Hatari haiko kwenye mishipa ya tumbo unayoiona, iko kwenye ile usiyoiona, iliyotuna kwenye koo la chakula. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu au kupata choo cheusi kinachonata na kunuka. Kwa hiyo mtu wa kanda hiyo mwenye bandama kubwa afanyiwe endoskopi, yaani kutazamwa koo la chakula kwa kamera, kabla hajatapika. Mishipa hiyo hufungwa kwa mpira mdogo, na propranololi hupunguza shinikizo. Aspirini na diklofenaki asiziguse.

Sasa rudi kwenye jaribio la vidole viwili. Chagua vena iliyo chini ya kitovu. Damu ikishuka kwenda kinenani, kizuizi ni ini. Ikipanda kwenda kifuani, kilichoziba ni vena kuu ya chini, na uchunguzi unahamia nyonga, figo na damu iliyoganda.

Korodani

Vitu laini vilivyojisokota juu ya korodani, karibu kila mara upande wa kushoto, vinavyojaa ukisimama na kupotea ukilala: hiyo ni varikosili, na wanaume wapatao 15 katika kila 100 wanayo. Upande wa kushoto unaonewa kwa sababu vena yake huingia kwenye vena ya figo badala ya kwenda moja kwa moja kwenye vena kuu. Wengi hawahitaji kitu. Anayetafuta mtoto bila mafanikio apime mbegu kabla ya kukubali upasuaji, na mke naye apimwe.

Ngiri nayo hupotea ukilala, lakini huwa inaanzia kinenani na ukikohoa inasukuma kidole. Mabusha hayapotei, na ukiyamulika kwa tochi gizani yanapitisha mwanga. Varikosili isiyopotea ukilala, au iliyozuka ghafla kwa mtu wa miaka 40 na zaidi, au iliyo kulia peke yake, ipigiwe altrasaundi ya figo. Uvimbe wa figo unaweza kuwa ndio umeziba njia.

Kichwa cha mtoto mchanga

Vena za kichwani huonekana kwa watoto wengi, hasa wakilia. Zikionekana mtoto akiwa ametulia, huku utosi umetuna, macho yanatazama chini kiasi kwamba weupe unaonekana juu ya mboni, na kichwa kinakua haraka, maji yamejaa kwenye ubongo. Pima kwa futi juu ya nyusi hadi kisogoni. Mtoto aliyetimiza siku zake huzaliwa na takriban sentimita 35, kisha kichwa huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu kasi hupungua. Andika kwenye kadi ya kliniki. Vipimo viwili vina maana kuliko kimoja.

Watoto wenye vichwa vikubwa hutibiwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, kwa kuwekewa mpira wa kushusha maji tumboni. Hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, Uganda, ilijijengea jina tangu miaka ya 2000 kwa njia ya kutoboa mlango wa maji ndani ya ubongo kwa kamera, ambayo haiachi mpira mwilini. Kila wiki ya kusubiri huuminya ubongo zaidi, na maombi yanaweza kuendelea huku mtoto akiwa tayari wodini.

Unapofika kliniki

Sema mishipa ilianza lini, upande gani, na hunywea ukifanya nini. Taja mimba, upasuaji, safari, vidonge vya uzazi wa mpango, krimu, na ziwa au mto uliowahi kuoga. Mwenye tatizo la miguu au korodani aombe kuchunguzwa akiwa amesimama, kwa kuwa akilazwa kitandani hakutakuwa na cha kuonekana. Kwa damu iliyoganda na kwa varikosi kipimo ni altrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita. Ile ya kawaida ya tumbo haitoshi. Ukikuta kipimo hakipo na mguu ni mmoja, umevimba na unauma, uliza kama utaanzishiwa sindano ya kuzuia damu kuganda kabla ya rufaa, badala ya kusafiri kwa muda wa saa nane ndani ya basi bila kinga yoyote.